Kuchanganya Si Kuhamisha: Istilahi za Uhamaji wa Dutu Katika Vifereji

Katika kazi ya kufasiri maandishi ya sayansi, maneno yanayotaabisha zaidi mara nyingi si yale mageni yenye sura ya kutisha. Neno geni humlazimisha mfasiri asimame, afungue kamusi, aulize wenzake. Linalotaabisha kweli ni neno la kila siku ambalo kila mtu anadhani analijua. Miongoni mwa maneno ya namna hiyo ni kitenzi “kuchanganya”. Mpishi huchanganya unga na maji, mwashi huchanganya saruji na mchanga, karani huchanganya mafaili. Mwanakemia naye hutakiwa “kuchanganya” vimiminika viwili, hata pale ambapo kazi yake yote imejengwa juu ya ukweli kwamba vimiminika hivyo havichanganyiki.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi dutu inavyohama kutoka katika kimiminika kimoja hadi kingine vinapopita pamoja katika njia nyembamba sana, na jinsi wataalamu wanavyoharakisha uhamaji huo. Tutatumia mfano wa dawa ya kwinini, kwa kuwa dawa hiyo ina historia yake katika milima ya Usambara. Njiani tutapendekeza istilahi ambazo, kwa maoni yetu, zinafaa kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao hupokea maandishi ya aina hii.

1. Magome ya Amani

Milima ya Usambara imegawanyika sehemu mbili, na katikati yake limepita bonde la Lwengera. Upande wa magharibi ndiko uliko mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Upande wa mashariki, katika wilaya ya Muheza, iko Amani. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, wakapanda mimea ya kila namna kutoka nchi za mbali. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa sinkona, mti wa asili ya Amerika ya Kusini, ambao magome yake yana kwinini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, njia za baharini zilifungwa, na jeshi la Wajerumani lililokuwa Afrika Mashariki likakosa dawa ya malaria kutoka Ulaya. Amani ikageuka kuwa kiwanda. Magome yaliyovunwa kaskazini yalitengenezwa kuwa kwinini. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Usambara, na jeshi lililokuwa likirudi nyuma likaachana na maabara hiyo. Baadaye askari walitegemea maji machungu yaliyopatikana kwa kuchemsha magome, ambayo wao wenyewe waliyapa jina la pombe ya jemadari wao, Lettow.

Hapa msomaji wa istilahi hana budi kusimama. Amani walikuwa wakifanya jambo moja, na wale waliorudi nyuma walikuwa wakifanya jambo jingine. Lakini ukimwuliza mtu, atakuambia kwamba wote “walitoa dawa katika magome”. Katika gome, kwinini haikukaa huru. Imeshikamana na asidi za gome lenyewe, na kwa hali hiyo huyeyuka kwa shida katika maji matupu. Kuchemsha hutoa sehemu tu ya dawa, na hutoa pamoja nayo vitu vingi visivyotakiwa. Wala mtu hawezi kujua kwa hakika kikombe kimoja kina dawa kiasi gani.

Njia ya kiwanda ni tofauti. Unga wa magome hutiwa chokaa, ili kwinini iachane na asidi zilizoishika. Kwinini iliyo huru haipendi maji lakini huyeyuka vizuri katika mafuta ya aina fulani na katika spiriti. Basi mafuta huichukua. Kisha mafuta hayo hukutanishwa na maji yaliyotiwa asidi ya salfuriki kidogo. Kwinini ikigusana na asidi hugeuka kuwa chumvi, na chumvi hiyo huyapenda maji. Hivyo dawa hutoka katika mafuta ikaingia majini, na uchafu mwingi hubaki nyuma. Mwisho wake hupatikana fuwele nyeupe ambazo zinaweza kupimwa kwa mizani. Wafaransa Pelletier na Caventou walioitenga kwinini kwa mara ya kwanza mwaka 1820 waliifungulia dunia mlango huu: dawa inayopimwa.

Kazi hii ya kuivuta dutu moja kutoka katika mchanganyiko kwa kutumia kimiminika kinachoipenda zaidi, kamusi zetu za sayansi zimekwisha kuipa jina: uziduaji. Tunashauri neno hilo lishikwe, na lisibadilishwe na “kuchemsha”, “kukamua” wala “kuchuja”, kwa kuwa kila moja kati ya hayo ni kazi nyingine.

2. Mafuta hayachanganyiki na maji, lakini dutu huhama

Mama mpishi anaujua ukweli huu tangu zamani. Akitia binzari katika mchuzi wenye mafuta, mafuta yanayoelea juu hukolea rangi ya manjano kuliko maji yaliyo chini. Mafuta na maji hayakuchanganyika. Kila kimoja kimekaa mahali pake. Ni rangi iliyohama. Imevuka uso ule ambapo mafuta na maji hugusana, ikaenda upande inakopendelea.

Katika mfano huu mdogo yamo mambo manne yanayohitaji majina. La kwanza ni kile kinachoyeyusha, yaani mafuta au maji. La pili ni kile kilichoyeyushwa, yaani rangi. La tatu ni uso wa kugusana. La nne ni tendo lenyewe la kuvuka. Kwa bahati njema, unyambulishaji wa Kiswahili unatupa majina haya bila kukopa. Kiyeyushi ni kile kinachoyeyusha. Kiambishi tamati -i kinaonyesha mtenda. Kiyeyushwa ni kile kinachotendwa. Myeyusho ni mazao ya hao wawili. Tumeona maandishi ambamo maneno hayo matatu yanatumiwa kana kwamba ni neno moja, na mwanafunzi anayesoma maandishi hayo hawezi kujua ni nani amemwingia nani.

Kwa uso wa kugusana, wengine husema “mpaka”. Neno hilo ni zuri, lakini mpaka katika fikira za watu wetu ni kizuizi: mpaka wa shamba, mpaka wa nchi. Sisi tunataka neno litakaloonyesha mahali pa kupitia. Katika miaka ya karibuni neno “kiolesura” limeenea katika mambo ya kompyuta, huko libaki. Kwa vimiminika tunapendekeza “uso wa makutano”.

Kuhusu tendo lenyewe, kuna mtego. Katika lugha za Ulaya tendo hili huitwa kwa neno lenye maana ya “masi”, yaani kipimo cha wingi wa maada. Mfasiri akiandika “uhamisho wa masi” hakukosea, lakini msomaji atajiuliza ni vipi kipimo kinaweza kuhama. Mfasiri asiye na kamusi anaweza hata kuandika “uhamisho wa umma”, kwa kuwa neno hilo la kigeni lina maana ya umma vilevile, na waraka wa kiwanda ukaonekana kuwa waraka wa kuhamisha watu vijijini! Tunapendekeza “uhamaji wa dutu”. Tena tunaomba itofautishwe na “uhamishaji wa dutu”. Uhamaji ni jambo la maumbile: dutu huhama yenyewe kwa sababu ukolezi wake umetofautiana na mahali pengine. Uhamishaji ni kazi ya mhandisi anayeulazimisha au kuuharakisha uhamaji huo. Lugha nyingi zingehitaji maneno mawili mbalimbali. Sisi tunatumia shina moja na kiambishi kimoja cha kusababisha.

3. Mfereji wa Lushoto na kifereji cha maabara

Anayetembea katika vijiji vya Usambara ya Magharibi huona mifereji inayoshusha maji kutoka vijitoni hadi katika mashamba ya mboga. Umwagiliaji wa namna hiyo ni ustadi wa zamani wa Wasambaa. Tazama mahali ambapo mfereji wenye maji ya udongo unaungana na mfereji wenye maji safi. Baada ya hatua chache huwezi tena kuona tofauti. Maji yote yamekuwa ya rangi moja. Hakuna aliyeyakoroga. Yamejikoroga yenyewe.

Sasa chukua kioo, ukichonge njia yenye upana wa milimita 0.1, yaani kama unene wa karatasi. Pitisha humo maji safi na maji ya rangi kwa pamoja. Vimiminika hivyo viwili vitakwenda sambamba kama watu wawili wasiosalimiana. Huyu atashika upande wake na yule upande wake, na mstari kati yao utaonekana wazi.

Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1883, Osborne Reynolds alipoonyesha huko Manchester kwamba tabia ya mkondo inategemea namba moja: kasi ikizidishwa kwa upana wa njia, kisha ikagawanywa kwa mnato wa kimiminika ukilinganishwa na uzito wake. Katika mabomba, namba hiyo ikiwa chini ya 2,000 hivi, kimiminika hupita kwa matabaka. Ikipita hapo kwa mbali, huanza kusukasuka. Mfereji wenye kina cha sentimita 30 na maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde una namba inayofika kadiri ya 150,000. Njia ya milimita 0.1 yenye maji yanayokwenda sentimita moja kwa sekunde ina namba 1. Tofauti hiyo si ya kiasi tu. Ni mikondo ya aina mbili kabisa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza “mtiririko wa matabaka” kwa aina ya pili na “mtiririko wa msukosuko” kwa aina ya kwanza. Baadhi ya waandishi wamependelea “mtiririko tulivu”. Neno “tulivu” lina kasoro: humfanya msomaji afikiri juu ya mwendo wa polepole, hali kimiminika kinaweza kwenda kasi katika njia nyembamba na bado kikapita kwa matabaka. Ama njia yenyewe, yenye upana usiofika milimita moja, tunapendekeza iitwe “kifereji”, wingi “vifereji”. “Kapilari” tunaliachia mishipa ya damu, na “mrija” ni chombo cha kunywea. Kifereji kinarithi kutoka mfereji wa mkulima ile maana ya njia iliyochongwa kwa makusudi, na kiambishi ki- kinaeleza udogo.

4. Jinsi uhamaji unavyoharakishwa

Msomaji atauliza: ikiwa ndani ya kifereji hakuna msukosuko, kwa nini watu wakitumie? Jibu ni kwamba mahali pasipo msukosuko dutu hutegemea usambaaji, yaani ule mwendo wa molekuli mojamoja kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Sheria zake ziliandikwa na Adolf Fick mwaka 1855. Usambaaji ni wa polepole mno katika masafa makubwa, na ni wa haraka sana katika masafa madogo, kwa sababu muda unaohitajika hukua kwa mraba wa umbali. Molekuli ndogo ndani ya maji huhitaji, kwa kadiri, zaidi ya siku nzima kusafiri sentimita moja. Dakika 17 kusafiri milimita moja. Na sekunde 10 tu kusafiri milimita 0.1. Molekuli ya kwinini ni kubwa kidogo, kwa hiyo huchelewa zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Basi njia ya kwanza ya kuharakisha ni kufupisha safari. Pamoja na hayo, kugawanya kimiminika huongeza uso wa makutano. Lita moja ya mafuta ikigawanywa katika matone yenye kipenyo cha sentimita moja, nyuso za matone yote zitakuwa na eneo la mita ya mraba 0.6, sawa na meza ndogo. Ikigawanywa katika matone ya milimita 0.1, eneo litakuwa mita za mraba 60, sawa na sakafu ya nyumba.

Njia ya pili ni kuviacha vimiminika visivyochanganyika vipite kwa zamu: kipande cha mafuta, kipande cha maji, kipande cha mafuta, na kila kipande kikijaza kifereji chote. Vipande hivi si matone, kwa kuwa tone halijazi njia. Kiswahili kina neno lililokuwa likisubiri kazi hii: funda. Funda ni kiasi cha maji kinachojaza kinywa. Vivyo hivyo kipande hiki hujaza kifereji. Tunapendekeza “mtiririko wa mafunda”. Faida yake ni kwamba funda linaposonga, sehemu iliyo karibu na ukuta huzuiliwa na ile ya katikati hutangulia, kwa hiyo kimiminika huzunguka ndani ya funda lenyewe. Mzunguko huo huleta kila mara kimiminika kipya kwenye uso wa makutano. Hivyo mkorogo hupatikana bila msukosuko.

Njia ya tatu ni umbo la kifereji. Kikipindishwa kama barabara ya kupandia Lushoto kutoka Mombo, kimiminika cha katikati husukumwa nje ya kona, na mizunguko midogo huzaliwa. W. R. Dean alieleza jambo hili katika miaka ya 1920. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba mifuo ya mshazari ikichongwa katika sakafu ya kifereji, vimiminika vinavyochanganyika hukunjwa juu ya vyenyewe kama chapati, hata matabaka yakawa membamba sana.

Njia ya nne inahusu kemia, nayo ndiyo waliyoitumia watengenezaji wa kwinini kabla ya vifereji kujulikana. Dutu huhama kwa sababu ya tofauti ya ukolezi. Asidi iliyo majini huigeuza kwinini kuwa chumvi mara inapovuka. Kwinini huru haikusanyiki upande wa maji, na tofauti inaendelea kudumu. Mlango unabaki wazi kwa kuwa kila aingiaye hupewa mahali pa kukaa.

Faida hizi zina bei yake. Kipenyo cha kifereji kikipunguzwa nusu na kiasi kinachopita kikabaki kilekile, shinikizo linalohitajika huongezeka mara 16. Chembe moja ya gome inaweza kuziba njia, kwa hiyo myeyusho sharti uchujwe vizuri kwanza. Tena kifereji kimoja hupitisha kiasi kidogo. Anayetaka lita nyingi huongeza idadi ya vifereji vinavyofanya kazi sambamba, wala hapanui kimoja, kwani akikipanua atakuwa ameipoteza faida yenyewe.

5. Kwa nini neno moja lina uzito

Tuseme mfasiri amepewa maagizo ya maabara yanayosema mafuta yenye dawa “yakutanishwe” na maji ya asidi. Yeye anaandika: “changanya vizuri”. Fundi mtiifu atatikisa chupa kwa nguvu zake zote. Matokeo yake ni ukungu mweupe wa matone madogo mno yasiyotaka kuachana, mafuta ndani ya maji na maji ndani ya mafuta, na huenda ukakaa saa nyingi. Dawa imevuka, ndiyo, lakini haiwezi kutengwa. Kundi zima la malighafi laweza kupotea kwa sababu ya kitenzi. Katika kifereji, ambamo mafunda hutoka yakiwa bado yametengana, hatari hiyo ni ndogo zaidi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kukitumia. Kwa maagizo kama hayo tunapendekeza kitenzi “kugusanisha”: kuvifanya vimiminika viwili viguse bila kuvichanganya.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kale. Kwinini si tena dawa ya kwanza ya malaria nchini, lakini artemisinini, iliyo msingi wa dawa za sasa, nayo huziduliwa kwa viyeyushi kutoka katika majani ya mmea wa jamii ya pakanga. Amani yenyewe, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mahali palipopandwa dawa pakawa mahali pa kuuchunguza ugonjwa. Vijana watakaoendeleza kazi hiyo wanastahili kufundishwa kwa maneno yanayoonyesha njia.

Kwa muhtasari, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Kiyeyushi: kimiminika kinachoyeyusha.
Kiyeyushwa: dutu iliyoyeyushwa.
Myeyusho: kiyeyushi pamoja na kiyeyushwa chake.
Uso wa makutano: uso ambapo vimiminika viwili visivyochanganyika hugusana.
Uhamaji wa dutu: mwendo wa dutu kwa sababu ya tofauti ya ukolezi.
Uhamishaji wa dutu: kazi ya kusababisha au kuharakisha uhamaji huo.
Usambaaji: uhamaji unaotokana na mwendo wa molekuli peke yake.
Uziduaji: kuvuta dutu kutoka katika mchanganyiko kwa kiyeyushi kinachoipenda zaidi.
Kifereji: njia ya kimiminika yenye upana usiofika milimita moja.
Mtiririko wa matabaka. Mtiririko wa msukosuko: aina mbili za mkondo.
Funda, mtiririko wa mafunda: kipande cha kimiminika kinachojaza kifereji, mkondo wa vipande hivyo kwa zamu.
Kugusanisha: kukutanisha vimiminika bila kuvichanganya.

Tumezingatia ule utaratibu uliozoeleka wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tukope kwa wageni. Neno “kitivo”, linalotumika leo kwa kitengo cha chuo kikuu, lilitoka katika lugha za Usambara na Upare, na halikumpunguzia hadhi profesa yeyote. Yawezekana kabisa kwamba wachimbaji wa mifereji wa Lushoto wana majina ya maungio ya maji, ya vizuizi na ya mikondo, yaliyo bora kuliko haya yetu. Tunawaomba walimu walioko huko wayakusanye na kutuletea, kila moja na maelezo ya jinsi linavyotumika, ili yapimwe pamoja na haya kabla orodha haijasanifiwa.